Kuifuata Pwani ya Kusini Unguja kwa Saa za Maji

Ijumaa, usiku

Safari hii haikupangwa. Mume wangu alirudi kutoka kazini baada ya sala ya Isha, akavua viatu mlangoni na kunieleza kwamba kazi aliyokuwa aifanye Jumamosi imeahirishwa, na kabla sijamwandalia chakula akaongeza: "Mama watoto, kesho twende kusini, mimi na wewe tu. Tutoke alfajiri, turudi usiku." Katika miaka kumi na moja ya ndoa yetu tumesafiri mara nyingi kwenda harusini na kwenye misiba, tukiwa na watoto, mabeseni na ndugu, lakini tangu fungate hatukuwahi kwenda popote wawili tu bila ya shughuli inayotuita.

Kabla ya kumjibu nilitoka uani kuutazama mwezi. Marehemu baba yangu alizaliwa Bwejuu, na ingawa nililelewa mjini, alinifundisha kwamba mtu haendi pwani ya mashariki bila ya kuyauliza maji. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika usiku na mchana mmoja, na kila siku saa zake husogea mbele kwa kiasi cha dakika hamsini. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti baina ya maji makuu na maji yaliyokupwa hapa Unguja hufikia karibu mita nne. Mwezi unapokuwa nusu huja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayakupwi sana. Kwa upande wa mjini jambo hili halimshughulishi mtu isipokuwa mvuvi na nahodha, lakini mashariki, ambako sakafu ya bahari ni bapa mpaka kwenye mwamba, bamvua huiondoa bahari nzima mbele ya macho na kuirudisha siku hiyo hiyo.

Mwezi ulikuwa wa kumi na sita, mweupe na mzima juu ya mapaa ya Kikwajuni. Nilihesabu kwa vidole: maji yatakupwa kwenye saa nne na nusu asubuhi na kujaa kwenye saa kumi na nusu alasiri. Nikarudi ndani nikamwambia mume wangu kwamba kesho ndiyo siku yenyewe, na usiku ule ule tukawapeleka watoto kwa mama yangu, ambaye hakuuliza neno isipokuwa tutarudi saa ngapi.

Jumamosi

Tulitoka saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa limeshachomoza, kwa Vespa ambayo mume wangu aliirithi kwa baba yake na ambayo huitunza kwa mkono wake mwenyewe. Nilichukua mkoba mmoja tu, wenye kanga mbili, mikate ya ufuta, chupa ya maji na viatu vya plastiki vya kutembelea majini. Tulipita Mwanakwerekwe soko likiwa ndiyo kwanza linapangwa, tukapita Tunguu, na tangu hapo upepo wa kaskazi ukawa unatupuliza ubavuni, mkavu na wenye harufu ya majani yaliyochomwa.

Jozani hatukuingia, kwa kuwa saa za maji hazikuturuhusu, lakini barabara yenyewe inapita kwenye ukingo wa msitu, na matuta yaliyowekwa pale kwa ajili ya kima punju yalitulazimisha kwenda polepole. Kima hao, wenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama kama walioamshwa ghafla, asili yao ni kisiwa hiki na hawapatikani porini nje ya visiwa vya Zanzibar. Tuliwaona watano juu ya mti wa kando ya njia, mama mmoja akiwa amempakata mtoto, na tukasimama dakika chache bila ya kusema. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, na ninashukuru kila ninapoipita, kwa sababu msitu huo ni sehemu ndogo sana iliyobakia ya ule uliokuwapo zamani.

Kitogani barabara hugawika, mmoja ukielekea kusini hadi Kizimkazi na Makunduchi, mwengine ukishika mashariki kwenda Paje. Tulishika wa mashariki, na hapo ardhi ikabadilika. Magharibi ya kisiwa ina udongo mzito ulioota mikarafuu na minazi, lakini upande huu ni maweni matupu, jiwe la tumbawe la kale lililofunikwa na vichaka, ambapo mkulima hutafuta mifuko ya udongo baina ya mawe ili apate mahali pa kufukia mbegu ya mtama au kijiti cha muhogo. Ndiyo maana vijiji vyote vikubwa vya upande huu vimejipanga ufukoni: shamba lao kubwa liko mbele, si nyuma.

Tulifika Paje kabla ya saa mbili na nusu, tukanywa chai ya tangawizi kwa chapati kwenye mkahawa mdogo wa barabarani, kisha tukatafuta njia ya kushukia pwani. Hapo nilipata uchungu ambao sikuutarajia. Nilikuwa nikikumbuka uwazi mpana wenye minazi, tuliokuwa tukiukimbilia utotoni tulipokuja kumtembelea bibi, nao haupo tena. Baina ya kuta mbili ndefu za hoteli kumebakia ujia ambao watu wawili hawapishani bila ya mmoja kugeuka ubavu. Wageni wanaleta riziki, na ninawajua vijana wengi wa huku wanaoishi kwa riziki hiyo. Lakini mwanamke anayerudi kutoka baharini na gunia la mwani kichwani anahitaji njia ya kupita, na njia hiyo ilikuwapo kabla ya ukuta.

Ujia ulipokwisha, bahari haikuwapo. Palikuwa na mchanga mweupe, kisha mabwawa madogo yanayong'aa, kisha majani ya bahari ya kijani yaliyolala upande mmoja, na mbali kabisa, zaidi ya kilomita moja, mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika juu ya mwamba. Mume wangu alikunja suruali, nami nikafunga kanga ya pili kiunoni, tukaanza kuyafuata maji yalikokwenda.

Kutembea juu ya sakafu ya bahari kunataka utulivu. Mchanga ulio mgumu huisha ghafla na kuwa tope laini. Jiwe linaloonekana kavu lina utelezi. Na baina ya mawe wamo wale viumbe weusi wenye miiba mirefu ambao, ukimkanyaga mmoja, utamkumbuka wiki nzima. Tuliona kiti cha pweza, kile chenye umbo la nyota, chekundu chenye ncha nyeusi, tukaona majongoo ya pwani yaliyojilaza kama vipande vya kamba nene, na mume wangu, ambaye ni mtu wa Ng'ambo ya mjini kwa pande zote mbili na hakuwahi kufika mbali kiasi hiki kwa miguu, aliuliza jina la kila kitu. Mengine niliyajua, mengine nikayaacha.

Karibu na mwamba tulimkuta bibi mmoja mwenye ukaya wa rangi ya bahari, ameshika fimbo ndefu yenye ncha ya chuma, akienda kutoka shimo hadi shimo na kuinama kila mara kama anayesikiliza. Kamba ya mgongoni ilibeba pweza wawili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mmetoka mjini?"

Tulimwambia ndiyo, na kwamba mimi ni mjukuu wa Bwejuu. Alinitazama uso kwa muda, akanitajia babu yangu kwa jina lake la utani, akacheka kwa furaha nilipokiri. Kisha akatuonesha shimo alilokuwa akilichungulia. Mbele yake palikuwa na maganda ya chaza na vipande vya kaa vilivyopangwa mlangoni, kwa kuwa pweza hula ndani na kutupa makombo nje, na hivyo ndivyo anavyojulisha nyumba yake. Alitueleza kwamba siku hizi wanaopata ni wazamiaji wa kule kwenye kina, na kwamba mwamba unaofikika kwa miguu umechoka. Nilikumbuka kwamba vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba vimekuwa vikiufunga upande mmoja wa mwamba kwa miezi michache ili pweza wapate kukua, kisha huufungua kwa siku maalumu. Pweza ni kiumbe anayekua haraka, na miezi mitatu inatosha kubadilisha uzito wake kwa kiasi kikubwa.

Tulipoaga alitupa onyo ambalo nililiona kuwa na thamani kuliko kitu chochote nilichokisikia siku ile. "Maji yakianza kurudi," alisema, "msiyaangalie mbele yenu. Tazameni nyuma. Huanza kuingia kwenye mifereji iliyo baina yenu na nchi kavu, nanyi mkiwa bado mmesimama pakavu." Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Saa tano na robo mwamba ulikuwa ungali wazi, lakini nilipogeuka niliona ule mfereji tuliouvuka kwa kulowa vifundo vya miguu tu ukienda mbio kuelekea kusini, na tulipouvuka ulitufika magotini.

Adhuhuri ilitukuta tumeshaipita Bwejuu. Niliona mashimo ya makumbi yakianza kufunikwa na maji: duara za mawe zilizopangwa ufukoni, kila duara na mwenyewe, ambamo wanawake hufukia makumbi ya nazi kwa miezi mingi mpaka yaoze na kulainika, kisha huyatwanga na kutoa usumba wa kusokotea kamba. Kabla ya mwani kuja, kamba hiyo ndiyo iliyokuwa fedha ya mwanamke wa huku. Shangazi yangu anaishi hatua mia mbili kutoka pale, nami nilisema tutampitia jioni wakati wa kurudi, tusimchukulie muda wake wa mchana. Uamuzi huo nitauelezea mbele.

Pingwe tulifika maji yakiwa yamefika nusu. Pale pana jabali moja lililosimama peke yake mbele ya ufuko, limeliwa chini na mawimbi mpaka likafanana na uyoga, na juu yake pamejengwa mkahawa ambao picha zake zimeenea duniani. Maji yakikupwa, watu huuendea kwa miguu. Yakijaa huuendea kwa mashua. Tulikaa chini ya mivinje, tukanunua madafu kwa kijana aliyekuwa akiyapasua kwa panga, na tukatazama kazi ya maji kwa zaidi ya saa mbili. Kwanza yalilizunguka jabali kwa upande mmoja, kisha kwa pande zote mbili, kisha wageni waliokuwa wakirudi wakavua viatu, kisha wakakunja nguo, na mwishowe mashua ikashushwa na mvutaji wake akaanza kuwapeleka na kuwarudisha. Hakuna aliyepiga kengele wala kutangaza. Mume wangu alinitazama akasema kwamba hajawahi kukaa mahali saa mbili bila ya kushika simu, na alilisema kwa mshangao wa kweli.

Tulisali Alasiri kwenye msikiti wa kijiji, kisha tukaivuka rasi hadi Kae. Michamvi ni ncha nyembamba ya ardhi iliyonyooka kuelekea kaskazini, Pingwe ikitazama bahari kuu na Kae ikitazama magharibi kwenye Ghuba ya Chwaka, hivi kwamba mtu anayekaa pwani ya mashariki anaweza, kwa mwendo mfupi tu, kuliona jua likizama majini. Ghuba ilikuwa imejaa, mikoko ya ng'ambo imebakia vichwa tu, na ngalawa mbili zilikuwa zikirudi kwa matanga yaliyotiwa viraka. Hatukuzungumza mengi. Alinishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo kwa desturi zetu si la kawaida, nami sikuutoa.

Baada ya Magharibi ndipo tulipogundua kwamba taa ya Vespa haiwaki. Globu ilikuwa imeungua, na mjini ni mbali, zaidi ya kilomita sitini, kwa barabara ambayo sehemu kubwa haina taa na ina ng'ombe. Kijana mmoja wa Kae aliyekuwa akielekea Paje alijitolea kututangulia kwa pikipiki yake, akaenda polepole mbele yetu hadi Bwejuu, akakataa fedha za mafuta, akatuombea usiku mwema na kuondoka.

"Hodi!"

"Karibu. Nani wewe?"

Shangazi alitoka na kurunzi, akanikumbatia, na jambo la kwanza alilolisema ni kwamba ameshapata habari tangu mchana kuwa nimepita mlangoni pake bila ya kumsalimu. Bibi wa pweza alikuwa ameshafika na kueleza. Nilimwomba radhi kwa moyo wote, kwa sababu alikuwa na haki. Mtoto wa nduguye hapiti hivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mtalala," na likawa limekwisha. Nilimpigia simu mama kumjulisha, tukala muhogo wa nazi na changu wa kukaanga, na kiasi cha saa mbili na nusu mwezi ukatoka baharini, mkubwa na wa rangi ya embe, tukiwa tumekaa barazani sote watatu.

Jumapili

Shangazi alituamsha kwa swali moja: tunataka kuondoka mapema, au tunataka kumsaidia kazi? Maji yalikuwa yakupwe kwenye saa tano na robo. Mume wangu alijibu kabla yangu.

Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza katika pwani hii mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, na tangu siku za mwanzo wanawake ndio wengi wa wakulima wake. Njia yenyewe ni rahisi kuieleza na ni ngumu kuifanya. Vigingi hupigwa mchangani kwa safu mbili zinazotazamana, kamba hufungwa kutoka kigingi hadi kigingi, na kwenye kila kamba huning'inizwa vipande vya mwani kwa vikamba vyembamba, kimoja baada ya kimoja, kwa nafasi ya kama shibiri moja. Baada ya kiasi cha wiki sita kile kipande cha ukubwa wa ngumi huwa kichaka, huvunwa, huanikwa juani na kuuzwa kikiwa kikavu. Kutoka humo viwanda vya nje hupata utomvu wa kuzidishia uzito vyakula, dawa ya meno na vipodozi. Kazi hii yote hufanywa kwa kuinama, maji yakiwa magotini, jua la saa tano likipiga mgongoni na chumvi ikikauka juu ya ngozi, na haingoji: siku za bamvua zikipita, shamba halifikiki vizuri mpaka bamvua nyengine.

Tulifanya kazi kwa saa mbili unusu. Mimi nilifunga mbegu na mume wangu alibeba. Vidole vyangu vilikuwa vizito mwanzoni, fundo langu likilegea kila mara, na shangazi alilifungua na kulifunga upya bila ya kunikemea, mpaka mkono ukazoea. Wanawake wa mashamba jirani walikuwa wakizungumza kutoka safu hadi safu, habari za harusi, bei na mtoto aliyefaulu mtihani, na sauti zao zilikwenda mbali juu ya maji yale mafupi.

Nilimuuliza kuhusu kotonii, ile aina yenye bei nzuri zaidi, kwa kuwa nakumbuka zamani alikuwa nayo. Alisema ilikufa. Maji ya kina kifupi yamekuwa ya moto mno, hasa miezi hii ya kaskazi. Kotonii huanza kuwa nyeupe kwenye ncha, kisha huoza na kukatika, na ukiamka kamba ni tupu. Spinosamu, ile aina nyengine, inavumilia, lakini bei yake ni ndogo. Wapo wanaojaribu kuipeleka kotonii kwenye kina kirefu, ambako maji ni baridi, lakini huko kunahitaji mashua na kunahitaji kujua kuogelea, na wengi wa wanawake wa umri wake hawakufundishwa kuogelea ingawa wameishi majini maisha yao yote. Hilo lilinikaa moyoni zaidi ya lolote alilolisema.

Wakati wa kurudi mume wangu alijitwisha gunia lililokuwa likichuruzika maji, nasi tukamfuata shangazi, ambaye hakunyoosha moja kwa moja kuelekea nyumbani bali alipinda kaskazini, akapita nyuma ya jengo moja la wageni, kisha akarudi kusini. Nilimuuliza sababu. Alisema njia ya zamani ilizibwa kwa miaka kadhaa, wakawa wanazunguka mbali zaidi kuliko hapa. Wanawake walikwenda kwa sheha, si mara moja, wakiwa na magunia yao kichwani, mpaka wakaachiwa ujia huu. Aliugusa ukuta kwa kiganja tulipokuwa tukipita. Ujia ulikuwa umefagiliwa.

Nyumbani, tulipokuwa tukinywa uji, alituonesha vitu kwa kidole bila ya kunyanyuka: "Bati lile ni mwani. Mlango ule ni mwani. Skuli ya mwanangu wa mwisho, mwani."

Tuliondoka baada ya Adhuhuri, shangazi akiwa ametufungia samaki mkavu na kamba ya usumba aliyoisokota mwenyewe, na fundi wa Paje alitubadilishia globu kwa dakika tano. Jambiani tuliipita polepole, kwa kuwa ni kijiji kirefu kinachofuatana na ufuko kwa kilomita kadhaa, na maji yalikuwa yakirudi juu ya mashamba ya mwani, vigingi vikizama kimoja kimoja.

Makunduchi ilitupokea kwa majumba yake ya ghorofa, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 katika mpango wa kuipa shamba nyumba za kisasa, na ambayo hadi leo yamesimama baina ya minazi kama kipande cha majumba ya Michenzani ya mjini kilichohamia kijijini. Mwezi wa Julai hapa hujaa watu kwa ajili ya Mwaka Kogwa, ambapo wanaume hupigana kwa mashina ya migomba ili kuyamaliza ya mwaka uliopita na kibanda cha makuti hutiwa moto. Leo palikuwa pametulia. Tulimsikia mzee mmoja dukani akizungumza na mwenzake Kikae, lugha yao ya kale, na mume wangu alijitahidi kufuata akapata neno moja katika matatu.

Saa kumi na nusu tulikuwa Kizimkazi Dimbani, maji yakiwa yanakaribia kujaa kabisa na mashua zikiwa zimefungwa kwenye ghuba. Asubuhi hutoka hapa boti za kuwapeleka wageni kuwaona pomboo, na ninatamani wenye boti wote wawape wale wanyama nafasi, wazime mashine na kungoja, badala ya kuwakimbiza. Lakini sisi tulikuja kwa ajili ya msikiti. Kwa nje ni jengo dogo lenye paa la bati, ambalo mpita njia asingelisimamia. Ndani, kwenye kibla, yamo maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la tumbawe yenye mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya katika karne ya kumi na nane, lakini maandishi yamebakia. Tulisali Alasiri pale. Baada ya salamu nilikaa nikiyatazama yale mawe yaliyotolewa baharini yangali laini, yakachongwa na mikono ambayo bila shaka iliyajua maji kama ayajuavyo shangazi, na sikutaka kunyanyuka haraka.

Tulirudi kwa njia ya Muyuni, ambako tulinunua embe za kijiji hicho, zinazoitwa kwa jina lake hilo hilo, tukazifunga kwa kamba ya shangazi nyuma ya Vespa. Kitogani tuliifunga duara. Magharibi ilitukuta Tunguu, tukasali, tukaingia mjini taa zikiwa zimeshawashwa.

Watoto walizigombania embe kabla hata ya kutusalimu. Walipolala, mume wangu aliniuliza Jumamosi ijayo maji yatakupwa saa ngapi. Nikamwambia Jumamosi ijayo itakuwa mwezi wa ishirini na nne, maji mafu, hakuna cha kufuata. Bamvua itakuwa Jumamosi ya pili yake, mwezi ukiandama. Alikwenda kwenye kalenda ya ukutani, akatafuta kalamu, akaizungushia duara tarehe hiyo, na chini yake akaandika: mwani, saa nne, watoto waje.